Mama Jokébed Kavugho, Mlezi wa Wafalme na Manabii wa Vulamba

Tarehe 31 Machi 2003, Mama Jokébed Kavugho atakabidhi funguo za banda la wanyama la Kituo chetu cha Mimea na Chakula, hapa Vulamba mjini Butembo, baada ya kutumika miaka thelathini na miwili kasoro mwezi mmoja. Mkurugenzi alitaka tuandike thelathini na miwili kamili, ipendeze kwenye programu ya sherehe. Mama Jokébed alijibu kwamba alianza kazi tarehe 3 Mei 1971, na kwamba mwezi ambao mtu hakuutumikia hauandikwi. Kwa hiyo tumeandika kasoro.

Aliajiriwa kama mfagiaji. Mwaka uliofuata mtaalamu wa wanyama aliumwa kidole na sungura, akaomba likizo ya wiki tatu, na Mama Jokébed akapewa ndoo ya majani awalishe kwa muda. Mtaalamu aliporudi, sungura hawakumtaka tena. Tangu hapo banda likawa lake. Wakurugenzi saba wamepita, jina la nchi limebadilika mara mbili, na kila aliyeondoka, awe kwa ndege, kwa pikipiki au kwa miguu kupitia shamba la mihogo, alimwachia yeye funguo.

Mwaka 1996 alitufikia Daktari Melchior Vagheni kutoka masomoni Ulaya, akiwa na miwani mipya na swali moja. Aliona kwamba wafanyabiashara wetu wa Butembo walionawiri matumbo walikuwa wakija kwake na magoti yaliyovimba, sukari kwenye damu na moyo uliochoka, katika umri ambao baba zao walikuwa bado wakipandisha magunia ya viazi milima ya Vuhovi. Daktari alitueleza kwamba mafuta ya tumbo hayakai kimya kama akiba ghalani. Yakizidi, huanza kutuma habari za hatari mwilini, na mwili huitikia kana kwamba umeingiliwa na adui: unavimba kidogo kidogo, bila homa, mwaka baada ya mwaka. Alieleza kwa dakika arobaini na kuchora ubao mzima. Mama Jokébed, aliyekuwa akisubiri kuufuta, alisema:

"Donc, dokteri, ni moto ya chini ya majivu. Mutu anaona majivu imepoa, anaweka mukono."

Daktari aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake, na tangu siku hiyo hakuna mtu hapa kituoni aliyetumia maelezo mengine.

Dawa aliyoifikiria Daktari ilikuwa katika flavonoidi, vitu vilivyomo kwenye mimea ambavyo huyapa maua na matunda mengi rangi na kuyakinga na jua kali na wadudu. Kuna watafiti waliokuwa wameanza kuona kwamba baadhi yake hupunguza uvimbe. Aliagiza unga safi kutoka Ulaya. Unga ulifika Nairobi, ukakaa. Vita vilikuja, vikapumzika, vikaja tena vikiwa na majina mengine, na unga bado ulikuwa Nairobi.

"Kama ni rangi dokteri anatafuta," akasema Mama Jokébed, "juu ya nini hatuchukue maganda ya kitunguu? Bamama banatiaka nayo rangi kwa bitambaa. Ukifua mara kumi, haitoki."

Daktari alivua miwani, akaivaa tena. Ilikuwa kweli: maganda makavu ya vitunguu vyekundu, yale yanayopeperuka sokoni, yamejaa flavonoidi kuliko kitunguu chenyewe. Kuanzia siku hiyo Mama Jokébed alipita sokoni na gunia, akiokota maganda chini ya meza. Wauza vitunguu walimwonea huruma. Mama mzima, mwenye kazi ya bureau, ofisini, anaokota takataka! Wakaanza kumtilia vitunguu vizima guniani kwa siri, na yeye akawa anarudi kila jioni kuwarudishia, akieleza mambo ya moto na majivu. Walizidi kumwonea huruma.

Jaribio lenyewe lilianza Agosti 2000. Tulichukua kobaye ishirini na wanne, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao kila nyumba ya Butembo inawajua, hasa wakiwa sufuriani. Wote walinoneshwa kwa mawese na viazi vitamu. Kumi na wawili walipata chakula hicho peke yake, na kumi na wawili waliongezewa unga wa maganda. Daktari alihakikisha kwamba wote ni madume, kwa sababu mimba ingeharibu hesabu. Akawapa namba. Mama Jokébed akasema namba haiitikii ikiitwa, akawapa majina. Wasiopata dawa wakawa wafalme: Daudi, Solomoni, Herode na wenzao. Waliopata dawa wakawa manabii, wakiongozwa na Ésaïe, yaani Isaya.

Katika mji ambao watu walikuwa wakikaza mikanda hadi tundu la mwisho, banda lenye wanyama ishirini na wanne wasioweza kuona miguu yao kwa unene halikukaa siri. Watu walitoka hadi mtaa wa pili kuja kuchungulia. Mume wa Mama Jokébed, Baba Zacharie, mkulima wa Vuhovi, alituma ujumbe kuuliza kama ni kweli kwamba mkewe anakamulia panya mawese wakati yeye anakula sombe, majani ya mihogo, isiyo na mafuta. Mama Jokébed alijibu kwamba si panya.

Wiki ya tano Daktari alikwenda Beni kutafuta spiriti ya maabara, na mapigano yakafunga barabara nyuma yake. Kituoni tukabaki wawili: Mama Jokébed, na mwandishi wa wasifu huu, Esdras, karani. Siku ya tatu jeep ilisimama langoni. Ndani yake alikuwamo Komanda Zorobabel, mkuu wa kikosi kilichokuwa kimeshika upande wetu wa mji majira hayo. Alikuwa mtu mnene kupita kiasi, na kumshusha kulihitaji askari wawili, mmoja akivuta, mwingine akisukuma. Mwandishi aliona sehemu hiyo vizuri. Sehemu iliyofuata aliisikia tu, kwa kuwa alikuwa ameshaingia nyuma ya kabati la dawa.

"Mama, nasikia uko na banyama ya kunona," alisema Komanda. "Leo niko na bageni. Leta yote."

"Komanda, hawa hapana ya kula."

"Juu ya nini?"

"Biko na bugonjwa."

"Bugonjwa gani?"

Mama Jokébed baadaye alituambia kwamba alitafuta uongo akakosa, maana hakuwa na mazoezi. Alimtazama Komanda magoti, akamtazama tumbo, akarudi magotini.

"Ile yako," akasema.

Nyuma ya kabati, mwandishi alianza kuomba Salamu Maria, akasahau katikati inaendaje.

"Uko nasema nini, mama? Mimi niko mugonjwa?"

"Magoti inavimba asubui. Ukipanda kilima kidogo, roho inapiga mbio. Kidonda haiponi mbio. Ni bongo, ao ni kweli?"

Askari mmoja alicheka, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi. Komanda hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliye mbele ya mganga:

"Nani alikuambia?"

"Hapana mutu. Niko naangalia Herode kila siku."

Akamwingiza bandani. Akamtoa Herode, mnene kuliko wote, akamwonyesha anavyopumua akitembea hatua tatu. Kisha akamwonyesha manabii ng'ambo ya pili, akaeleza kwamba nao wanakula mawese yale yale, ila wanapata na unga wa maganda ya kitunguu.

"Unga inaponyesha?"

"Hatujue bado. Ni juu ya ile tunabalisha. Ukibakula leo, Komanda, hata wewe hautajua."

Komanda alisimama pale muda mrefu akimtazama Herode, na Herode naye akimtazama. Hatimaye akawaambia askari, "*Tika*," yaani wacheni. Wageni wake walikula maharage siku hiyo.

Jeep ilipoondoka, Mama Jokébed aliketi juu ya gunia la pumba. Alilia kidogo, akafuta uso kwa kitenge, kisha akaita: "Esdras, toka kule. Kabati haiko nyumba ya mutu."

Kesho yake Komanda alirudi kudai unga. Mama Jokébed alimnyima. Alimwambia haujapimwa kwa watu, na uliopo unatosha manabii tu. Kama anataka shauri la mama wa kawaida, ale vitunguu na mboga kama watu wengine, aache bia na nyama ya nguruwe yenye mafuta, aiache jeep nyumbani. Na kama anataka kujua kama inafaa, basi apimwe uzito kila Jumatatu, kama wanyama.

"Kama banyama?"

"Banyama hawakatae."

Mizani ya kituo ilikomea kilo tano. Mizani pekee iliyomfaa Komanda ilikuwa ile ya Issaka, msafirishaji wa kahawa, Mwislamu mcha Mungu na mchekeshaji kwa wakati mmoja. Jumatatu ya kwanza Komanda alipanda juu ya bamba la mizani kwa gwaride kamili, na aliamuru wapakiaji wote wageuke wautazame ukuta. Issaka alisogeza jiwe la mizani, na kwa mazoea ya miaka ishirini akatangaza kwa sauti ya ghala zima: "Magunia mawili na kilo munane!"

Ukuta mzima ukaanza kutikisika mabega. Magunia ya kahawa ni ya kilo sitini, hesabu mfanye wenyewe.

Lakini Komanda alirudi Jumatatu iliyofuata, na nyingine. Na kwa sababu sasa wale wanyama walikuwa jamaa zake katika ugonjwa, aliweka walinzi wawili mlangoni mwa banda, na kila asubuhi koplo mmoja, Aruna, alifanya apeli ya wanyama, kuwaita mmoja mmoja kama askari, na kupeleka hesabu: ishirini na wanne, hakuna aliyekosekana. Hivyo ndivyo kobaye wetu walivyokuwa raia waliolindwa vizuri kuliko wote katika wilaya.

Asubuhi moja ya wiki ya kumi, Koplo Aruna alihesabu, akahesabu tena, akaja ofisini akiwa amekauka midomo. "Karani, niko na banyama makumi mbili na saba. Komanda ataniua."

"Lakini wameongezeka," mwandishi akamwambia.

"Hesabu ni hesabu! Atauliza nilibatoa wapi!"

Tulimkimbilia Mama Jokébed. Aliinama, akatazama ndani ya kizimba cha manabii, akainuka taratibu. "Nabii Ésaïe amezaa," akasema.

Barabara ilipofunguka na Daktari Melchior kurudi, habari hii ndiyo iliyompata kabla hajatua mkoba. Aliyehakiki jinsia ya wanyama ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake na kwa shahada yake. Alisema mwanga ulikuwa hafifu siku ile. Tangu mwaka 2000, kila mnyama anayeingia bandani, Mama Jokébed humgeuza tumbo juu mara mbili, na mara ya pili humwita Daktari aje ashuhudie.

Kufikia wiki ya kumi na tatu Komanda alikuwa amepungua kilo kumi na moja na anapanda kilima bila kusukumwa. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kikosi chake kilikuwa kinahamishwa, na kabla ya kuondoka alitaka Mama Jokébed aende naye redioni, atangaze kwamba maganda ya vitunguu ya Butembo yamemponya Komanda Zorobabel.

"Haukukula hata ganda moja," alisema Mama Jokébed.

"Nilikula bitunguu. Ni sawasawa."

"Na uliacha bia. Na ulitembea kwa miguu. Nitajua namna gani ni gani ilisaidia? Mutu moja hapana utafiti, Komanda. Nikisema ile kwa radio, bamama benye sukari batatupa dawa ya hopitali, batakula maganda, batakufa. Bataniuliza mimi."

Safari hii mwandishi hakuwa nyuma ya kabati, na anaweza kushuhudia kwamba uso wa Komanda ulibadilika rangi. Alimwambia kwamba asingekuwa yeye, wanyama wake wangeliwa zamani. Mama Jokébed alisema ni kweli, akamshukuru kwa Kinande, lugha ya kwao, na kwa Kiswahili, na akasema redioni haendi. Komanda aliondoka bila kuaga, na walinzi wakaondoka naye.

Jumapili ile ile, tulipokuwa misa ya kwanza, banda lilivunjwa. Wafalme wanne walikuwa hawapo, Herode akiwa mmoja wao. Moshi uliokuwa ukipanda nyuma ya nyumba za jirani ulinukia mawese. Mama Jokébed alikaa kwenye kizingiti na daftari la vipimo mapajani, akipitisha kidole kwenye mistari minne ya wiki kumi na tatu kila mmoja. "Nilikuwa nimekaribia," alisema. "Esdras, nilikuwa nimekaribia." Mwandishi akaenda kutafuta misumari.

Daktari aliamua kufunga jaribio mara moja, kabla wengine hawajafuata njia ya Herode. Siku hiyo hatuifanyii mzaha. Vipimo vya mwisho vilihitaji mafuta ya ndani na damu, na kila mtu anajua maana yake. Mama Jokébed alikataa mtu mwingine awashike. Alimwita kila mmoja kwa jina lake, akamaliza, akanawa, akaenda kanisani akakaa peke yake hadi mchana. Kwa kuwa walikuwa wamechomwa sindano za majaribio, tuliwazika nyuma ya bustani, na majirani wametulaumu hadi leo kwa kuifukia nyama nono namna ile.

Kisha yakaja majibu. Manabii walikuwa wanene sawa na wafalme, karibu gramu kwa gramu. Lakini mguu wa nabii uliochomwa dawa ya kuvimbisha ulivimba kidogo zaidi ya nusu ya mguu wa mfalme, na damu, iliyosafiri hadi Kampala katika lori la Issaka, ilionyesha kwamba moto wa chini ya majivu ulikuwa umepungua. Vipimo vizuri kuliko vyote vilikuwa vya Ésaïe. Daktari alivitazama kwa mapenzi. Alisema labda mimba haikuathiri sana.

"Tuliandika madume," alisema Mama Jokébed.

"Mais mama, angalia hii namba!"

"Niliiona. Ni nzuri. Ésaïe ni mama."

Walibishana siku mbili. Ésaïe akatolewa. Matokeo yakapungua uzuri, lakini yakabaki kweli. Kuhusu wale wafalme wanne, Daktari alitaka kuandika kwamba walikufa kwa sababu zisizohusiana na chakula. Mama Jokébed akauliza kama hiyo ni kweli, kwa sababu yeye anaona ilihusiana na chakula kabisa. Mwishowe taarifa ikasema: "Wanyama wanne waliliwa na watu wasiojulikana."

Mwaka jana taarifa hiyo ilisomwa kwenye mkutano wa watafiti Kampala, na jina la Jokébed Kavugho limeandikwa pale juu, karibu na la Daktari. Mwenyekiti alipouliza shahada ya mwandishi wa pili, Daktari alianza kujikuna kichwa, na Mama Jokébed akasimama mwenyewe. Alisema hana shahada. Anafagia, analisha, anapima, na akikosea anaandika kwamba amekosea. Profesa mmoja akasema angependa wanafunzi wake wawe na shahada hiyo, na maswali mengine yote ya asubuhi ile yakaelekezwa kwake.

Banda sasa linachukuliwa na Rébecca, aliyefundishwa naye miaka mitatu na anayegeuza matumbo bila kuambiwa. Mama Jokébed anarudi Vuhovi kwa Baba Zacharie, ambaye tumehakikishiwa kwamba siku hizi sombe yake ina mawese.

Tulimuuliza anataka zawadi gani. Tulitazamia kitenge, au saa. Aliomba kiti chenye mgongo, kwa kuwa maabara yetu haijawahi kuwa na kitu ila vigoda. Seremala alikileta jana. Tulikiweka katikati ya ua, tukajipanga kwa mazoezi ya hotuba za sherehe, na Mkurugenzi akafungua karatasi zake. Mama Jokébed aliketi, akaegemea, akafumba macho.

"Sasa musome polepole," akasema. "Leo sisimame."

Wasingya kutsivu, asante sana, Mama Jokébed. Vuhovi ikupokee kwa amani, magoti yasikuume, na usifagie tena mahali popote usipopenda. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kituo, na ya wale wasioweza kuandika wasifu kwa sababu waliliwa, tunakutakia siku nyingi na njema za kuegemea.